Babu wa Forodha Anajibu: Saa, Losheni na Ndizi Wakati wa Vita

SWALI: Shikamoo Babu. Nasoma chuo hapa Nyegezi. Bibi yangu anasema baada ya vita vya Idi Amin dawa ya meno ilikuwa anasa, na mtu akionekana na saa mpya aliulizwa kaitoa wapi. Mwalimu wetu wa uchumi naye anasema nchi zikiingia vitani huwa zinapiga marufuku bidhaa za anasa kutoka nje. Hivi ukizuia manukato na saa unapata risasi ngapi?
*Mjukuu wako, Nyegezi*

JIBU: Marahaba mjukuu. Chache mno. Ungeniuliza barazani ningeishia hapo, lakini mhariri ananidai ukurasa mzima.

Nchi maskini haiagizi manukato mengi kiasi cha kuyazuia ukapata kifaru. Fedha za kigeni zinakwenda kwenye mafuta, mashine, vipuri, dawa za hospitali, na chakula mvua ikigoma. Kwetu kasha lilikuwa limeanza kuwa tupu hata kabla Amin hajavuka mpaka. Bei ya kahawa ilipanda sana 1976 na 1977, tukapata akiba nzuri, kisha 1978 milango ya kuagiza ikalegezwa na akiba ikayeyuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, kwa hiyo shirika la ndege tulianzisha letu, na reli na posta tukabeba wenyewe. Oktoba 1978 Amin akaingia Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikaruka. Gharama ya vita hutajwa kuwa kama dola milioni 500. Sasa wewe piga hesabu ya saa za mkononi hapo.

Na vita tuliviona kwa macho yetu hapa Mwanza, msidhani vilikuwa vya Wahaya peke yao. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kutupiga. Mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane. Waliokufa ni swala.

Hilo la marufuku sasa. Ukienda maktaba kutafuta tangazo moja linalosema "kuanzia leo saa ni marufuku", utachoka bure. Nilikuwa karani wa forodha miaka hiyo, na ninavyokumbuka mimi, marufuku yetu haikukaa bandarini, ilikaa benki. Ili uagize kitu ulihitaji leseni, na ukishapata leseni ulihitaji Benki Kuu ikutengee fedha za kigeni. Mbele yako kwenye foleni kuna dawa za hospitali, kuna mafuta, kuna vipuri vya viwanda vya nguo kama Mwatex. Saa zako hazikukataliwa. Zilisubiri. Mfanyabiashara aliyeomba kuleta radio kaseti alikuwa na faili nene na mikono mitupu.

Kuhusu dawa ya meno, bibi yako ana haki ya kulalamika ila mtuhumiwa siye. Hakuna ofisa aliyekaa akaandika kwamba kusafisha meno ni anasa. Sabuni na dawa ya meno vinatengenezwa kwa malighafi, na nyingi zilitoka nje. Kiwanda kikikosa fedha za kigeni kinazalisha kidogo au kinasimama. Kwa hiyo bidhaa iliyopotea dukani ilikuwa ya lazima, tena ya kwetu, na aliyeiua ni ukosefu wa dola uleule uliozuia saa. Watu wengi wa rika lenu mnachanganya haya mawili. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Tulifunga, na miezi hiyo ikapita, ikapita tena.

Wakati huo mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, tangu 1977 hadi 1983. Umefungwa barabarani. Ziwa halifungwi, mjukuu wangu. Mitumbwi ilitoka upande wa Shirati usiku na kurudi na sabuni, mafuta ya Kimbo, saa, vitenge, na yule aliyenyimwa dola benki akawa analipa kwa samaki, kahawa au ng'ombe. Sisi wa forodha tulikamata tulichokamata. Ndipo ikaja Machi 1983 na msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu wakatupa mali vichakani usiku ili wasikutwe nayo. Mwaka uliofuata, kwenye bajeti ya 1984, serikali ikageuza: mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, haulizwi kazipata wapi. Maduka yakajaa. Wengi wetu tulijua kazipata wapi.

SWALI: Babu shikamoo. Mimi nauza vipodozi Makoroboi. Nani anaamua kwamba losheni yangu ni anasa na bia si anasa?
*Mama Losheni*

JIBU: Marahaba mama. Anaamua mwenye kalamu, na mara nyingi mwenye kalamu hapaki losheni.

Nikupe kisa cha Uingereza. Novemba 1940, katikati ya vita na Ujerumani, waziri wao wa chakula, Lord Woolton, alizuia ndizi zisiingizwe. Ndizi! Mhaya akisoma hapa ataweka gazeti chini. Lakini ukiwasikiliza, hawakuwa wajinga. Shida yao haikuwa fedha tu, ilikuwa meli: ndizi inataka meli yenye majokofu, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazizamisha meli. Nafasi ile ikapewa nyama. Meli ya kwanza ya ndizi ilirudi mwishoni mwa Desemba 1945, na watoto waliozaliwa vitani hawakuwa wameonja ndizi maishani. Hapo nakubali kabisa. Marufuku ya nafasi ya meli ina hesabu ndani yake.

Katika vita vilivyotangulia, Waingereza haohao walifanya tofauti. Mwaka 1915 waziri wa fedha, Reginald McKenna, hakupiga marufuku magari, saa na ala za muziki. Alizitoza ushuru wa theluthi moja ya thamani. Anayetaka kujionyesha, alipe. Kwangu mimi karani wa zamani hii ndiyo njia ya mtu mwenye akili, maana bidhaa iliyopigwa marufuku haikuletei ushuru hata senti. Ubaya wake ni kwamba ushuru ule wa vita uliendelea miongo kadhaa baada ya vita kwisha. Ushuru ukishazaliwa hauzeeki.

Wabaya zaidi walikuwa majimbo ya kusini ya Marekani, yale yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Meli za kaskazini ziliwazingira, na wenye meli za mbio waliopenya mzingiro walijaza hariri, mvinyo na manukato badala ya dawa na bunduki, kwa sababu tani moja ya hariri ilikuwa na faida kuliko tani ya chuma. Serikali yao ilikuja kuzuia anasa Februari 1864 na kudai nusu ya nafasi ya kila meli. Vita vilikuwa vimeshawaelemea, na hariri iliendelea kupenya.

SWALI: Mzee mwenzangu, habari za siku. Kuna mahali marufuku hii ilizaa kitu cha maana?
*Msomaji wa Sengerema*

JIBU: Nzuri, mzee mwenzangu. Kipo kimoja kinachonichekesha. Kanada, Desemba 1940, ili kubana dola za Kimarekani, ilizuia vitu visivyo vya lazima kutoka Marekani, na katika orodha vikawemo vitabu vya katuni vya watoto. Wakanada wakaanza kuchora vyao kuanzia 1941, kurasa za ndani nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi ni ghali, na mashujaa wao wenyewe. Watoto wakavipenda. Vita vikaisha, katuni za rangi za Kimarekani zikarudi, na wachapishaji wengi wa kule wakafunga.

Ukraine nayo 2022 ilifanya kama sisi: benki kuu ilitoa fedha za kigeni kwa bidhaa za orodha ya lazima tu. Orodha ikawa inaongezwa kila mara, maana kila mwagizaji alikuwa na sababu kwa nini bidhaa yake ni ya lazima, na kufika Julai masharti hayo ya bidhaa yakaondolewa. Mama Losheni angepewa nafasi mbele ya kamati ile, naamini angeshinda.