Jani la muhogo, mkopo wa simu na saa mbili za Waswahili: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wenye kazi mkononi: afisa ugani, muuguzi, mwenye duka la dawa, mwalimu. Wote wanataka kujua kama kompyuta inayojifunza, ile tunayoiita akili mnemba, inaweza kuwapunguzia mzigo. Nimeyafupisha maswali na kuwajibu kadiri ninavyoelewa.

Mimi ni afisa ugani, Mkuranga. Wakulima wananiuliza kama ni kweli simu inaweza kutazama jani la muhogo ikataja ugonjwa. Niwaambie nini?

Waambie ni kweli, kisha waeleze na mipaka yake. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni PlantVillage Nuru, iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Inatumia Kiswahili, na inafanya kazi katikati ya shamba bila intaneti kwa sababu hesabu zote zinafanyika ndani ya simu.

Namna ilivyojifunza inafaa kuelezwa hata kwa mkulima asiyewahi kugusa kompyuta. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti walitumia picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa Tanzania. Kila picha ilipewa jina na mtu anayejua: hii batobato, hii michirizi ya kahawia, hili limeshambuliwa na utitiri, hili zima. Kompyuta ikaonyeshwa picha, ikakisia, ikasahihishwa, ikakisia tena, mara nyingi mno. Hakuna aliyeiambia batobato ni nini. Ililinganisha tu alama za jani na jina alilolitoa mtaalamu, na kama mtaalamu alikosea jina, nayo imerithi kosa lake.

Sasa usahihi. Mwaka 2020 zilichapishwa takwimu za kuipima Nuru na watu. Kwa kutazama jani moja ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walikuwa kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Usione haya kwa takwimu hizo, ndugu yangu, kwa sababu dalili za magonjwa haya zinachanganya hata macho yaliyosomea. La muhimu kwako ni hili: programu ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Kwa hiyo usimruhusu mkulima apige picha jani moja akaondoka. Apige ya juu na ya chini, kwa sababu batobato hujionyesha zaidi kwenye majani machanga na michirizi hujionyesha zaidi kwenye yale yaliyokomaa.

Mipaka ni miwili. Wa kwanza, dalili zikiwa hafifu simu hubabaika. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulikuta modeli, yaani programu iliyokwisha kufundishwa, ikipelekwa shambani kipimo chake cha uwezo kinashuka kwa takriban theluthi moja hata kwenye majani yenye dalili kali. Nao mkulima anahitaji msaada zaidi dalili zikiwa ndogo, kabla inzi weupe hawajausambaza ugonjwa. Wa pili, michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana ya kuridhisha. Kamera haioni chini ya udongo. Ng'oa shina moja, kata mzizi, tazama.

Halafu likishatajwa jina, kuna kazi ambayo simu haiifanyi. Haya ni magonjwa ya virusi, hayana dawa ya kupuliza. Ni kung'oa mimea iliyougua, kupanda pingili safi zilizokaguliwa, na kuchagua aina zinazostahimili kama Kiroba. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 ikiwa hapa hapa Usambara, na michirizi mwaka 1936. Tumeishi na maadui hawa kwa vizazi, na simu haitawamaliza. Inachoweza ni kukusaidia wewe mwenye vijiji kadhaa na pikipiki moja ufike kwanza kwenye shamba lililo hatarini.

Niongeze jambo lililonipata mwenyewe. Niliwahi kusaidia kikundi kilichotaka kutengeneza modeli yake ya majani. Majaribio ya mezani yalitoa usahihi wa ajabu, tukafurahi. Shambani ikaanguka kabisa. Tulipochunguza tukakuta majani mazima yote yalipigwa picha ofisini juu ya karatasi nyeupe, na yaliyougua yalipigwa yakiwa shambani. Mashine haikujifunza ugonjwa, ilijifunza karatasi. Wiki nne za kazi zilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza picha zilipigwa wapi. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia usahihi wa modeli, swali langu la kwanza ni: mlijaribia wapi?

Mimi ni muuguzi. Kituoni tumeletewa mashine ya eksirei ambayo kompyuta yake inasoma picha ya kifua na kusema kama kuna dalili za kifua kikuu. Tumeambiwa usahihi ni asilimia 90. Kwa nini basi bado tunaagizwa tuchukue makohozi?

Kwa sababu asilimia 90 haina maana unayoidhania, dada, na wengi tunadanganyika hapa. Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 1,000 wamekuja kupimwa, na 10 kati yao wana kifua kikuu. Tuseme mashine inawatambua wagonjwa kwa asilimia 90, na inawatambua wazima kwa asilimia 90 vilevile. Kati ya wale 10, itawanasa 9. Wazima ni 990, na kwa kuwa inakosea kwa mmoja katika kila kumi, itawatilia shaka watu 99 wasio na ugonjwa. Jumla umebaki na watu 108 wanaoshukiwa, na 9 tu ndio wagonjwa. Ukimwanzishia dawa kila aliyetajwa na mashine, utakuwa umewapa watu 99 dawa za miezi kadhaa zisizowahusu.

Lakini geuza upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Badala ya kupima makohozi ya watu 1,000, umebaki na 108, na mmoja tu ndiye aliyekuponyoka. Kwa maabara yenye mashine moja ya GeneXpert, ile inayopima makohozi, na vifaa vya kuhesabika, huo ni ukombozi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2021 programu za aina hii zitumike katika uchunguzi wa awali kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Angalia maneno hayo: uchunguzi wa awali, na umri. Mtoto wa miaka sita akiletwa, usiache hukumu kwa kompyuta hiyo.

Panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi wanatumika kwa utaratibu uleule: panya akisimama kwenye sampuli, maabara inathibitisha. Na yule mmoja aliyeponyoka asisahaulike. Mtu akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za usiku na kukonda, mchukue makohozi hata kama skrini imeandika hana kitu.

Nina duka la dawa Mombasa. Kijana mmoja ameniambia atanitengenezea akili bandia ya kutabiri dawa zitakazouzwa mwezi ujao, kwa bei kubwa kidogo. Nilipe?

Usilipe bado. Muulize kwanza atatumia data gani, kwa sababu kama mauzo yako yako kwenye daftari na mengine kichwani, hana cha kuifundishia kompyuta. Anza kwa kuandika kila siku: dawa, idadi, na siku ambazo mteja aliulizia ukawa huna. Hilo la mwisho watu hulisahau, na bila hilo kompyuta itadhani dawa iliyokwisha haina wateja. Baada ya miezi mitatu chukua wastani kwenye Excel, ongeza dawa za malaria kuelekea masika, na zinazokaribia kuisha muda uziweke mbele ya rafu. Ukiwa na mwaka mzima wa rekodi, mwite tena huyo kijana, mpe miezi tisa ajifunzie na miezi mitatu umfiche. Akiitabiri hiyo mitatu vizuri kuliko wastani wako wa Excel, mlipe kwa moyo mkunjufu.

Niliomba mkopo kwenye simu nikakataliwa papo hapo. Hakuna aliyenihoji. Kompyuta imenijuaje?

Haikujui, imekufananisha. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, watu wengi hawakuwa na historia yoyote benki, hivyo ilitazama nyayo zilizokuwepo: umekuwa na laini kwa muda gani, unaweka salio kiasi gani, M-Pesa unaitumiaje. Wakopeshaji wa simu waliofuata walipita njia hiyo hiyo. Kompyuta inachukua nyayo zako, inatafuta waliokopa zamani wenye nyayo kama zako, inatazama wangapi walilipa. Kama umebadilisha laini mwezi uliopita, au biashara yako yote ni taslimu mkononi, unaonekana mgeni hata kama hujawahi kudhulumu mtu senti.

Kuna dosari moja ndani yake inayoniuma. Mashine hujifunza kutokana na waliopewa mikopo. Aliyenyimwa hakukopa, kwa hiyo haitajua kamwe kwamba angelipa. Ikikosea kuhusu mama anayeuza samaki Feri, kosa hilo halirudi kuisahihisha. Linabaki mle na kuwapata wenzake wote wanaofanana naye. Modeli ya muhogo tunaweza kuipeleka shambani tukaona imekosea. Hii ya mikopo, shamba lake limefungwa.

Ukiwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye athari kubwa kwako, na unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Tanzania nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Andika ombi kwa mkopeshaji, kwa maandishi, uulize umekataliwa kwa msingi wa taarifa zipi. Na programu ikikutaka uifungulie orodha ya majina kwenye simu yako, ifute. Waliomo humo hawakuomba mkopo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mbona programu hizi zinaandika Kiingereza kama maji, kwenye Kiswahili chetu zinajikwaa?

Mwalimu, hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo nililo nalo moyoni.

Chukua neno *hawatakupikia*. Wewe unaona ndani yake kanusho, wao, wakati ujao, wewe, kitendo, na kule kufanyiwa. Sentensi nzima katika neno moja. Kompyuta za sasa zinakata maneno vipande kwa kufuata vinavyojirudia sana katika maandishi ziliyolishwa, na maandishi hayo kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Kwa hiyo kisu kinapita popote, *hawa* hapa, *tak* pale, na mzizi *pik* unakatika katikati. Mashine inalazimika kuunganisha maana kutoka vipande visivyo na maana.

Njia nyingine ipo, na ni ya zamani. Tangu mwaka 1985 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akijenga mfumo uitwao SALAMA, ambao ulifundishwa sarufi yetu kwa kanuni: ngeli, viambishi, vinyambuo. Ni kazi ya miaka na ya mikono, na bado nadhani wanaojenga modeli za leo wangefaidika wakiisoma kabla ya kuanza kukata.

Kisha kuna yasiyokuwa ya sarufi. Mwambie mtu "tukutane saa mbili usiku", programu inayofuata maneno bila kujua desturi itaandika kwa Kiingereza saa nane za usiku wa manane. *Yeye* halituelezi kama ni mume au mke, lakini Kiingereza kinadai kijue, na programu za tafsiri zimezoea kumfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke, tabia ziliyoiokota kwenye maandishi ya watu. Na Kiswahili chenyewe ni cha wengi: wa Unguja, wa Mvita, wa Lubumbashi, vijana wa Nairobi na Sheng yao. Mashine iliyolishwa magazeti pekee haitamwelewa mvuvi.

Dawa yake iko karibu na wewe kuliko na mimi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wakisoma sentensi, na Kiswahili kimo. Unasoma sentensi, mwingine anasikiliza na kuthibitisha. Darasa lako la kidato cha tatu likitoa nusu saa kwa wiki, na ukawatafuta wazee wenye lahaja zao nao wasome, sauti hizo zinaingia humo. Watafiti wa Kiafrika walioungana mwaka 2019 chini ya jina la Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, wanahitaji pia watu wa kusahihisha tafsiri. Mwalimu anayeona *wamekuja* na *zimekuja* vikichanganywa, akajua kwa nini, ndiye mtu wao.

Nina laptopu ya RAM GB 4. Naweza kujifunza haya mambo au nisubiri nipate mashine kubwa?

Usisubiri. Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya scikit-learn vinatosha kwenye laptopu hiyo kwa data ya jedwali, na ukihitaji nguvu zaidi Google Colab inakuazima kompyuta yake bila malipo kwa saa chache. Tafuta data ya nyumbani: Chuo Kikuu cha Makerere kimeweka wazi maelfu ya picha za mihogo, na shindano lake la mwaka 2020 lilikuwa na picha 21,367. Usizipakue zote, chukua mia tano. Na kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, zifungue kwa macho yako, moja moja, uone ni ipi ungeikosea wewe.