Kabla Hujavuta Kamba: Mashine ya Kufyekea Inavyoandaliwa na Kuwashwa

Juzi usiku chalii mmoja wa Ngaramtoni kanitumia meseji ndefu, ya hasira kabisa. Kanunua mashine ya kufyekea ya petroli kwa hela ya mkopo wa kikundi, dukani imewashwa mbele ya macho yake ikawaka vizuri tu, kafika nayo nyumbani imegoma. Kavuta kamba mpaka bega limekufa ganzi. Swali lake likawa moja: "Bro, nimeuziwa kimeo?"

Nikamuuliza, kabla ya kuvuta ulifanya nini? Akajibu: nimeweka mafuta nikavuta.

Aisee. Hilo jibu nalisikia kila masika. Mvua za mwezi wa tatu zikishapiga, majani yanapanda hadi madirishani, kila mtu anakumbuka ana mashine stoo, anaitoa, anavuta, anatukana. Basi nimeona niandike hapa mara moja nisirudie kwa kila mtu inbox.

Mi niko Moshi. Nilianza na viwanja vya watu Soweto na Rau, nikapanda Shanty Town kwenye mageti makubwa, na mwezi uliopita nimesaini mkataba wa kufyeka eneo la lodge moja njia ya Marangu, mkataba wenye muhuri kabisa. Najisifia? Ndiyo, najisifia. Kuna shemeji yangu aliwahi kusema kwenye sherehe ya kipaimara, mbele ya wajomba na mama zangu wadogo, kwamba mtu mwenye diploma hawezi kuzunguka na mashine begani kama kibarua wa msimu. Watu wakacheka. Mi nikaendelea kula ndizi zangu. Sasa hivi ananipigia anauliza kama kuna nafasi ya kijana wake, na mimi nampokelea simu kwa upole sana, ila sijasahau.

Mkataba wenyewe nimeupataje? Meneja wa pale ni mama mmoja mkali, hana stori. Aliita watu kadhaa wenye mashine, akasema kila mtu awashe afyeke kipande chake aone. Wenzangu walishuka tu kwenye bodaboda wakaanza kuvuta, majani yanaruka, moshi juu. Mimi nikalaza mashine chini, nikatoa spana, nikaanza kugusa nati moja moja. Mmoja akanicheka, "huyu kaja kufungua gereji." Nilipokuja kuwasha iliwaka bila kelele nyingi, na kabla sijafyeka nikatembea kipande chote nikaokota chupa na waya wa seng'enge uliofunikwa na majani. Yule mama akaniambia baadaye, wewe nimekupa kwa sababu ya ule waya.

Kwa hiyo ninachotaka kukwambia ni hiki, mashine hii inawaka au haiwaki, inakuumiza au haikuumizi, kabla hujashika kamba.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndo wengi wanafia. Angalia kama mashine yako ni tu-stroki au foo-stroki. Foo-stroki ina mdomo wake pembeni wa kuwekea oili ya injini, kama pikipiki, na tenki lake linataka petroli tupu. Tu-stroki haina huo mdomo, oili yake inachanganywa ndani ya petroli, ile oili ya 2T, sio oili yoyote uliyobakiwa nayo kwenye gari. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi hata kwenye mfuniko wa tenki. Ukikuta 25:1 maana yake lita moja ya petroli inakula mililita 40 za oili. Ukikuta 50:1 ni mililita 20. Zile za Kichina zilizojaa madukani nyingi ni 25:1, ila soma ya kwako usiniamini mimi wala muuzaji.

Na usikadirie kwa kifuniko cha soda. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, ni hela ndogo sana, utapima oili kama daktari. Changanya kwenye kidumu safi, sio ndani ya tenki: nusu ya petroli kwanza, oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Oili nyingi za 2T zina rangi, utaona petroli inageuka, hiyo rangi ndo inakusaidia kujua kidumu kipi kimechanganywa na kipi bado. Changanya ya kutumia wiki chache tu, ikikaa miezi inapoteza nguvu na kuacha utando kwenye kabureta. Na tafadhali usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, una watoto nyumbani.

Hapa lazima nimtaje binamu yangu, jina nalihifadhi. Desemba moja watu wanarudi kutoka Dar kula Krismasi, si unajua kwetu, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, lazima king'ae kabla magari hayajaanza kupanda Kibosho. Akaja kuniazima mashine. Nikampa mashine na kidumu cha mafuta yaliyochanganywa, nikamwambia haya yakiisha nipigie. Yakaisha. Hakupiga. Akamtuma kijana akachukue petroli ya bodaboda, akajaza, akaendelea. Tu-stroki ikikosa oili kwenye petroli haina kitu kingine cha kulainisha pistoni, ndani inasuguana chuma kwa chuma hadi inanoki, yaani pistoni inakwama, na ndivyo ilivyonoki, katikati ya mgomba na mbuni. Fundi alinifungulia silenda akanionyesha mistari kwenye pistoni, mikwaruzo mirefu imekwenda juu hadi chini kama mtu kaikwangua na msumari. Pistoni mpya, silenda mpya, msimu wa Krismasi umepita nimekaa. Binamu mpaka leo anasema mashine ilikuwa na tatizo lake tangu mwanzo. Sawa. Tunasalimiana kanisani.

Tuendelee. Ukijaza, jaza injini ikiwa imepoa, mbali na sigara na jiko, futa yaliyomwagika, funga mfuniko, halafu ihamishe mashine. Usiwashe palepale ulipojazia, sogea hata mita tatu, mvuke wa petroli hauonekani lakini upo. Na kuwasha ndani ya stoo kwa sababu nje kunanyesha, usithubutu, ule moshi unaua mtu kimyakimya.

Alafu kagua, na plagi ikiwa imechomolewa kofia yake, ili hata kamba ikivutika kwa bahati mbaya isiwake kidole kikiwa kwenye kisu. Angalia kisu kama kina ufa, hata mdogo, ufa ukiuona kisu kimekufa, usipeleke kuchomelea. Angalia kava ya kisu ipo, wapo wanaoitoa eti inasumbua kwenye majani marefu, hao sina la kuwaambia. Tikisa mpini, tikisa mkanda wa begani. Bonyeza ekseleta bila kushika ile loki ya nyuma ya mpini, isikubali. Ukiachia irudi yenyewe haraka.

Nati ya kisu ndo inawatoa watu machozi. Kwenye mashine nyingi inafunguka kinyume na nati ulizozoea, unazungushia upande wa saa kufungua, na kinyume cha saa kukaza. Nimeona kijana Majengo kaining'inia na bomba refu anajua anafungua kumbe anaikaza, nati ikakatika uzi. Kuna kitundu kwenye giaboksi, ingiza elenki au kile kipini kilichokuja na mashine kisu kisizunguke, ndo ukaze. Na ukimaliza, toa hicho kipini! Kofia ya plagi irudishe mwisho kabisa.

Nguo sitakaa nalo sana. Gambuti au buti ngumu, suruali nzito, miwani ya kazi au kioo cha uso, glavu, na kitu masikioni. Miwani ya jua ya Kiboriloni haizuii jiwe.

Sasa kuwasha. Laza mashine sehemu tambarare, kisu kisiguse chini wala majani, watu na mbuzi wawe mbali, mita 15 kuzunguka pande zote. Swichi iweke kwenye kuwasha, usicheke, hiyo swichi imeshawahi kupeleka mashine nzima kwa fundi. Bonyeza kile kibofu cha plastiki chini ya kabureta mpaka uone mafuta yanarudi kwenye kile kipaipu kinachoonyesha, mara saba nane hivi zinatosha. Injini ikiwa ya baridi funga choki, kile kiwiko kinachobana hewa inayoingia kwenye kabureta. Mkono wa kushoto kandamiza mashine chini, goti au mguu usiweke juu ya lile bomba refu, linapinda. Mkono wa kulia vuta kamba polepole hadi uhisi imeshika, hapo ndo uvute kwa nguvu, fupi, sio mpaka mwisho wa kamba. Ukivuta usiiachie irudi yenyewe kwa kishindo, isindikize.

Itakohoa mara moja, itazima. Hapo ndo siri ilipo na hapo ndo chalii wangu wa Ngaramtoni alipoanguka. Ikikohoa tu, fungua choki, vuta tena, itawaka. Yeye hakuifungua, kaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, petroli inaingia hewa haiingii, injini ikajaa mafuta. Ukifika hapo unasikia harufu ya petroli na ukitoa plagi inakuja imelowa. Zima swichi, futa plagi ikauke, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili mafuta yatoke, uso wako uwe mbali na kile kitundu na pasiwe na moto popote, rudisha plagi, choki wazi, vuta. Na ikiwa imetoka kufanya kazi bado ya moto, choki huihitaji kabisa.

Kitu kingine: ikiwaka kwa mara ya kwanza ekseleta ikiwa imeshikiliwa na loki ya kuwashia, sio ile ya nyuma ya mpini, kisu kinaweza kuzunguka hapohapo. Ndo maana nimesema kisiguse kitu. Bonyeza ekseleta uachie, loki itatoka, iache iungurume kama dakika moja ipate joto ndo uvae mkanda.

Na hizo mita 15, msinichukulie poa. Shanty Town nilimwambia dereva wa nyumba moja asogeze Noah, nikamwambia kwa adabu, bosi wake akatoka kibarazani akasema gari haisogei, fyeka. Nikasema basi upande huu sifyeki. Akaniita mvivu, akamwita kijana mwingine kutoka njiani, hata dakika kumi hazikupita, jiwe, kioo cha nyuma chote kikamwagika. Yule kijana alikatwa hela yake yote. Mi nilikuwa nimeshalipwa nusu nikaondoka na nusu, na nusu nyingine sijaiona mpaka kesho. Ila vijana wenzangu, nisikilizeni, acheni kukubali kila kitu kwa sababu mtu ana geti kubwa. Jicho likitoka halirudishwi na elfu ishirini. Tumezoea kuona maandalizi ni uoga, mtu akikagua nati anaonekana mshamba, akivaa kioo cha uso anaulizwa anaenda vitani, halafu kesho tunachangishana kwenye grupu la WhatsApp za hospitali. Mi nimechoka kuchanga, ndugu zangu.

Turudi kwa chalii. Jana kanitumia picha ya plagi, nyeusi na imelowa chapachapa. Nikampa maelekezo, baada ya muda simu inaita, anapiga kelele furaha tupu, "Bro imewaka!" Nikamwambia usifyeke, achia ekseleta kabisa uniambie kisu kinafanya nini. Akasema kinazunguka taratibu. Hapo bado, mashine ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kushikwa ekseleta, kisu kinatakiwa kisimame kabisa, la sivyo ukijikwaa tu au ukigeuka kuongea na mtu kinakufuata. Pembeni ya kabureta kuna skrubu ya sailensa, kwenye nyingi imeandikwa T au LA, izungushe kinyume cha saa kidogokidogo hadi kisu kisimame na injini isizime. Kikikataa kusimama hata ukishapunguza, inawezekana springi za klachi zimechoka au zimekatika, na kwa mashine mpya hiyo ni kazi ya duka, irudishe na risiti.

Kanijibu atacheki kesho, leo ana kiwanja cha jirani anataka kukimaliza kabla mvua haijashuka. Nimempigia mara mbili hapokei.