Daftari langu lilinidanganya kuhusu kipa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bagamoyo aliniandikia: "Shikamoo kaka. Timu yetu ina makipa wawili, tumpange yupi? Wewe si mtu wa takwimu?" Marahaba, mdogo wangu. Umenitonesha kidonda.

Hapa Ngamiani, Tanga, mwenye daftari ni mimi. Coastal Union wakicheza Mkwakwani, wenzangu wanashangilia, mimi natia alama kila shuti linalolenga lango. Kipa wao Ley Matampi alipoongoza ligi kwa mechi bila kufungwa msimu wa 2023/24, nilitembea kifua mbele kama niliyedaka mimi. Kwa hiyo timu ya mtaa ilipoingia ndondo, michuano ya mitaani, mwaka jana, mwalimu akaja kwangu. Kipa wa kwanza, mrefu, anaruka kama paka, aliokoa manane katika kila mashuti kumi. Wa pili, mfupi, mdomo haufungi, hakufika hata saba. Nikasema mrefu. Wala sikusita.

Nusu fainali tulikula tatu, zote za aina moja: mpira mrefu nyuma ya mabeki, kipa kaganda kwenye mstari, mshambuliaji anakuja peke yake. Mabeki walishazoea kupanda kwa sababu mfupi hutoka na kufagia. Mechi ilipoisha, mzee mmoja pale barazani alilinyanyua daftari langu akauliza kama linauzwa, afungie karanga. Watu wakacheka mpaka machozi. Hadi leo wananiita Profesa, na najua si sifa.

Kosa lilikuwa hili. Asilimia ya kuokoa huhesabu mashuti yaliyofika tu. Mfupi aliua hatari mapema: anadaka krosi, anamfokea beki asogee. Yaliyomfikia yakawa magumu matupu. Mrefu alipigiwa mepesi mengi ya mbali, yakamnenepeshea asilimia. Ndiyo maana wataalamu hupima uzito wa kila shuti, yaani uwezekano wa kuwa bao: umbali, pembe, kona ya goli lilikoelekea. Penalti, kabla haijapigwa, huhesabiwa zaidi kidogo ya robo tatu ya bao. Wanajumlisha, wanalinganisha na mabao aliyofungwa; aliyefungwa pungufu ya hesabu, huyo anadaka kweli.

Na kudaka peke yake hakutoshi. Kipa David de Gea aliokoa mara 14 nyumbani kwa Arsenal Desemba 2017, Manchester United wakashinda 3-1. Msimu wa 2022/23 akatwaa glovu ya dhahabu, tuzo ya makipa wa Ligi Kuu ya England, kwa mechi 17 bila kufungwa. Msimu ulipoisha akaachwa, akaja André Onana, kipa anayecheza kwa miguu.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, na wengine mnaojifanya wajuzi kwa kuangalia mruko. Watazame mabeki kwanza. Wakikaa karibu na goli lao, mrukaji atawafaa. Wakipanda, tafuta anayetoka. Hesabu krosi alizodaka, mara alizotoka, pasi alizopoteza. Hesabu na maneno yake! Msiniletee asilimia moja mkadhani mmemaliza kazi. Nimeshalipa ada ya somo hilo.

Yule mfupi sikumwomba radhi. Siku hizi anadakia timu ya Chumbageni. Jumapili nilikwenda, nikakaa nyuma ya goli lake na daftari. Dakika zote tisini alipigiwa mashuti mawili.