Je, ndege hupiga kishindo mara moja tu ikiipita kasi ya sauti?

SWALI: Assalam aleikum, mwalimu. Sisi tunakaa Magongo, na ndege zinazotua uwanja wa Moi hutupitia juu ya mapaa. Zinanguruma sana, lakini sijasikia hata moja ikipiga kishindo. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema ndege hupiga kishindo mara moja tu, pale pale inapoipita kasi ya sauti, kisha basi. Ni kweli? Na je, kishindo hicho huvunja vioo vya madirisha? – Mama wa Magongo

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kijana amepata nusu. Kishindo kipo, ila hiyo "mara moja tu" si kweli. Wanafunzi wangu wengi wa chuo hukwama papo hapo.

Ndege ikienda husukuma hewa, na msukumo huo husambaa kwa kasi ya sauti. Kwa joto la Mombasa, tuseme nyuzi 29, kasi hiyo ni karibu mita 349 kwa sekunde, yaani kilomita 1,256 hivi kwa saa. Ndege ya abiria inapokaribia kugusa ardhi pale Moi haifiki hata robo ya hapo. Sauti yake inaitangulia, na hewa ya mbele inawahi kupisha. Ndege ikiizidi sauti, hewa hiyo haipati habari mapema. Misukumo hurundikana na kuwa ukuta mwembamba wa hewa iliyogandamizwa, unaotanuka nyuma ya ndege kwa umbo la pia. Hilo ndilo wimbi la mshtuko.

Siku mkivuka Likoni, mwonyeshe kijana boti ya kasi ikikata maji. Wimbi lake humpiga aliye ukingoni mara moja, tena boti ikishapita. Aliye mbele zaidi naye atapigwa, baadaye kidogo. Boti inalikokota wimbi njia nzima, na ndege vivyo hivyo hukokota kishindo maadamu iko juu ya kasi ya sauti. Kila mji ulio chini ya njia yake utakisikia kwa zamu. Asiyekisikia ni rubani, kwa sababu anakwenda nacho.

Tena kwa kweli vishindo ni viwili. Puani mwa ndege presha ya hewa hupanda ghafla, ikashuka polepole hadi chini ya kawaida, kisha ikaruka kurudi mahali pake mkia unapopita. Kwa ndege ndogo ya kivita, miruko hiyo hupishana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio mara nyingi hukamata kishindo kimoja. Concorde, ndege ya abiria iliyoizidi sauti, ilikuwa na urefu wa karibu mita 62, kwa hiyo watu waliisikia waziwazi: pu-pu! Ilibeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003, kwa kasi ipatayo maradufu ya sauti, kwenye kimo cha hadi mita 18,000. Kishindo kilipofika chini, yenyewe ilikuwa imeshatangulia kilomita 30 na zaidi.

Kuhusu vioo: kishindo cha Concorde ikiwa juu hivyo kiliongeza presha kwa pascal (kipimo cha presha) zisizofika 100, na presha ya kawaida ya hewa ni 101,325. Ni chini ya sehemu moja ya elfu. Kinachomshtua mtu ni wepesi wake, maana presha hupanda ndani ya sehemu chache tu za elfu za sekunde moja. Kioo kizima kilichokazwa vizuri hustahimili. Chenye ufa au kinachocheza kwenye fremu kinaweza kupasuka, na plasta kuukuu ikabanduka. Ndege ya kivita ikipita chini sana kwa kasi hiyo, hapo hata kioo kizima kimo hatarini.

Usumbufu huu ndio uliofanya Marekani, mwaka 1973, ipige marufuku ndege za kiraia kuizidi sauti juu ya nchi kavu, na Concorde ikawa inangoja ifike baharini ndipo iongeze kasi.