Muulize Shangazi: Mwenzangu Kapata, Mimi Bado

SWALI: Shangazi, salamu nyingi kutoka Busia. Nina miaka 25, nina shahada ya kilimo ya Makerere, daraja la pili la juu, 4.1, nimemaliza mradi wangu wa utafiti, na walimu watatu wamekubali kuniandikia barua za mapendekezo. Tangu Septemba nimekuwa nikiomba nafasi za masomo ya juu Marekani na Ulaya. Mama alichukua mkopo kwenye chama chao ili nilipe ada za maombi. Mwezi Februari vyuo viwili vilinikataa ndani ya wiki moja, vilivyobaki vimenyamaza. Rafiki niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja hosteli amepata Ujerumani, nafasi ambayo mimi sikuiomba, amelipiwa kila kitu, na kwenye kundi letu la WhatsApp ni pongezi kutwa. Kusema kweli nimemnunia. Baadaye nimegundua kwamba mimi na yeye tulimwandikia profesa mmoja wa Marekani bila kuambiana. Saa nane usiku naamka kuangalia barua pepe, kwa kuwa kule bado hawajalala. Kanisani wananiuliza, "Unaruka lini?" Je, mimi si wa kiwango hicho? Na mama nimwambie nini? Nimeambatanisha barua yangu ya kueleza nia uione.
— Wa Saa Nane Usiku, Busia

JIBU: Mwanangu, nianze na hiyo saa nane. Ikifika saa nane usiku Busia, New York ni saa kumi na mbili jioni au saa moja. Karani wa udahili ameshafunga ofisi, yuko kwenye treni anarudi kwake. Unakesha bure. Simu ilale chumba kingine, na barua pepe uifungue asubuhi ukishakunywa chai. Jibu lililotumwa usiku utalikuta palepale.

Sasa hilo la kiwango. Kabla sijarudi Tororo kufuga kuku, nilifanya kazi miaka mingi katika idara moja ya chuo kikuu hapa Uganda. Kwenye vikao vya kuchagua wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu, kwa hiyo sikuwa na kura, nilikuwa na masikio tu. Faili linafunguliwa. Alama nzuri. Barua za walimu nzuri. Halafu mwenyekiti anauliza, "Nani atamsimamia?" Kimya. Mmoja anasema tayari ana wanafunzi wanne ambao hawajamaliza. Wa pili mwakani hatakuwepo, anakwenda kwenye utafiti wake. Aliyebaki ni mtu wa samaki, na mwombaji anataka mahindi. Faili linafungwa. Kwenye kumbukumbu naandika "hakuna msimamizi", lakini barua inayomfikia mwombaji inasema ushindani ulikuwa mkali. Naye huko kwao anaisoma kama hukumu juu ya akili yake.

Sisemi kwamba kila anayekataliwa alistahili nafasi. Wapo waliotuletea maombi yenye jina la chuo kingine juu, hawakujali hata kubadilisha. Lakini wewe mwenye 4.1, walimu watatu waliokubali kukuandikia na mradi uliokamilika, usikimbilie kujihukumu.

Kwa Marekani jambo hili lina uzito zaidi. Katika sayansi za kilimo, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi hulipwa kutoka kwenye fungu la utafiti la profesa wake. Profesa asiye na fungu hachukui mtu, hata aje na 5.0. Na mwaka 2025 mafungu hayo yalipigwa shoka: USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa, maabara nyingi za utafiti wa kilimo ilizokuwa ikizigharamia kwenye vyuo vya Marekani zikasimama, na vyuo kadhaa vikapunguza nafasi za uzamivu. Hayo yote hayakuandikwa kwenye barua yako ya Februari.

Ndiyo maana ukiomba tena usilipe hata senti kabla hujauliza. Kati ya Agosti na Oktoba mwandikie profesa barua fupi: wewe ni nani, ulifanya nini, kazi yake ipi inakuhusu, na swali moja, "Je, unatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka ujao?" Wengi hawatajibu. Akijibu mmoja kwamba hana nafasi, amekuokolea ada. Chuo kimoja cha Marekani mara nyingi hutoza kati ya dola 50 na 100. Dola 75 peke yake ni zaidi ya laki mbili na nusu za Uganda. Iandikie pia ofisi ya wanafunzi wa uzamili ya idara, uombe kusamehewe ada. Vyuo vingine husamehe, ila ukishalipa hawakurudishii.

Na kwenye fomu zao, usiibadilishe 4.1 yako mwenyewe. Andika 4.1 kati ya 5.0. Wao hupima hadi 4.0, na 4.1 iliyoandikwa bila kipimo inamfanya msomaji adhani unamchezea.

Halafu kuna zile nafasi za ufadhili zisizodai ada kabisa. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unaohesabiwa kuwa saa 2,800. Kazi ya muda na ya kujitolea pia huingia kwenye hesabu. Jua tu kwamba ni ya uzamili, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, wana kozi za mambo ya maendeleo, nazo hutaka miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada isiwe imepita miaka sita. Hukuniambia siku hizi unafanya kazi gani. Kama upo hata kwenye duka la pembejeo pale mjini, omba barua ya ajira leo na uanze kuhesabu saa zako.

Vyuo vilivyonyamaza usivizike bado. Marekani vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Kuna watu sasa hivi wameshikilia nafasi tatu au nne mkononi, na wataachia mbili dakika ya mwisho. Orodha ya kusubiri husogea hapo. Ikifika mwisho wa Aprili kimya, waandikie mistari miwili ya heshima kuuliza.

Nimesoma barua yako ya nia. Inaanza, "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kilimo." Mwanangu, sentensi hiyo nimeikuta kwenye mafaili hadi nikaweza kuikariri. Nilipofika aya ya tatu ndipo nikakaa vizuri kwenye kiti: shamba la wimbi la bibi yako kule Masafu, lilivyovamiwa na kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mwenzake, hadi bibi akaacha wimbi akapanda muhogo. Hiyo ndiyo iwe aya ya kwanza. Kisha useme ulipima nini kwenye mradi wako, kitu gani kilikataa, na swali gani limebaki ambalo maabara ya huyo profesa inaweza kukusaidia kulijibu. Shauku ataiona mwenyewe.

Rafiki yako. Ile nafasi ya Ujerumani wewe hukuiomba, kwa hiyo hakuna alichokuchukulia. Kumwandikia profesa mmoja bila kuambiana, mmefanya wote, basi hakuna wa kumdai mwenzake. Kama ningekuwa wewe, ningemtumia barua ya nia aisome kabla hajaondoka: ndiye mtu pekee aliyeona ukihesabu vishina vya kiduha vya mradi wako usiku, na juzijuzi tu ameandika barua yake ikakubaliwa. Kundi la WhatsApp linyamazishe mpaka Mei. Huna haja ya kutoka kwa kishindo.

Mama mpe hesabu. Chukua karatasi, andika kila chuo, ada yake, na jibu lilipofikia, kisha mkae mpange mkopo unalipwaje na nani. Akina mama wa chama husumbuliwa zaidi na mkopaji anayejificha kuliko anayechelewa. Huyo wa kanisani mjibu "bado", halafu muulize habari za watoto wake.

Kukosa usingizi kukiendelea wiki mbili tatu, nenda hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Ya karibu kwako ni Mbale. Huko hawapokei wendawazimu tu, kama watu wanavyodhani.

SWALI: Shangazi, mwalimu wangu amesema niandike mwenyewe barua ya kunipendekeza, yeye ataweka sahihi tu. Nifanye nini?
— Mwenye Haraka, Kasese

JIBU: Desturi hiyo imeenea, na siipendi. Barua uliyojiandikia hufanana mno na barua yako ya nia, na msomaji mzoefu huinusa. Mpelekee ukurasa mmoja wa mambo ya kweli: somo alilokufundisha, mwaka, alama, kazi uliyoifanya mbele yake. Umwombe aandike yeye, hata aya tatu. Fomu ikikuuliza kama unakubali kutoiona barua hiyo, kubali, huaminika zaidi. Kiungo cha kuipakia hutumwa moja kwa moja kwenye barua pepe ya mwalimu na mara nyingi huangukia kwenye taka, kwa hiyo mpigie simu siku hiyohiyo aitafute. Na ukimtajia siku ya mwisho, punguza wiki moja.