Maswali Yenu: Mbwa Mdogo Kwenye Mbio za Vikwazo

Barua za wasomaji wa Dodoma na wilaya za jirani kuhusu mbio za vikwazo za mbwa zimekuwa nyingi, na safari hii tumechagua za wale wenye mbwa wadogo. Kwa wasioujua mchezo huu: mbwa anaruka viunzi, anapita kwenye handaki, anapanda daraja na kupenya miti ya zigizaga kwa mpangilio uliowekwa na mwamuzi, huku mwenye mbwa akikimbia pembeni na kumwelekeza bila kumgusa. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1978, kwa kuiga mashindano ya farasi. Vipimo vingi tunavyotaja hapa ni vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao yake Ubelgiji.

Shikamooni. Mbwa wangu ana miezi 14 na uzito wa kilo 6. Majirani tumepanga mashindano ya kirafiki Jumamosi moja ya Agosti. Aruke kimo gani, na anapimwaje? (Msomaji, Kisasa)

Marahaba. Msimamishe kwenye sakafu ngumu, siyo kwenye zulia wala nyasi, miguu ya mbele ikiwa wima na kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida. Laza rula juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, kisha pima kutoka hapo hadi sakafuni. Akiinamisha kichwa kipimo kinabadilika, kwa hiyo rudia mara tatu. Tangu mwaka 2023 FCI ina makundi manne ya kimo, na kundi la wadogo ni la mbwa walio chini ya sm 35. Fito zao huwekwa kati ya sm 25 na 30.

Kilichotushtua ni umri. FCI hairuhusu mbwa kushindana kabla hajafikisha miezi 18, na hata kwenye mashindano ya kirafiki tunaomba mlifuate hilo. Mifupa na viungo vinahitaji muda, na miti ya zigizaga inaupinda mgongo kwa nguvu kuliko watu wanavyodhani. Agosti mwingize uwanjani fito zikiwa zimelazwa chini, ajifunze kukimbia njia na kukusikiliza wewe. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya mchezo, na haihitaji kuruka.

Tunataka kutengeneza viunzi wenyewe. Tununue nini na kiasi gani? (Msomaji, Ilazo)

Kwa mashindano madogo viunzi 8 vinatosha. Mbao moja ya mbili kwa mbili yenye futi 12 inatoa kiunzi kizima: nguzo mbili za sm 80 na vipande vinne vya sm 50 vya miguu. Jumla ni sm 360, na mbao ina kama sm 366, kwa hiyo fundi asikate ovyo. Miguu ipishane kama msalaba, na fundi achonge nusu ya unene kwenye kila kipande ili msalaba ulale chini bila kuyumba. Bomba la plastiki la inchi moja lenye urefu wa mita 6 linatoa fito 5 za sm 120. Nunua mabomba mawili, upate fito 8 na mbili za akiba.

Vikombe vya kushikilia ufito vinatengenezwa kwa bomba pana kidogo. Kata kipande cha sm 5, kipasue kwa urefu, kifunge kwa skrubu upande wa ndani wa nguzo huku uwazi ukitazama juu. Weka kimoja sm 20, kingine 25, kingine 30. Ufito ulale tu ndani ya kikombe. Wapo wanaoufunga kwa kamba au mpira ili upepo usiuangushe, na hilo ni kosa kubwa: mbwa akigonga ufito usioanguka anaumia, na mbwa mdogo hupinduka kabisa. Wala usiujaze mchanga ndani. Kama upepo ni tatizo, na kati ya Julai na Septemba Dodoma hautakosekana, ongeza kina cha kikombe kwa sentimita moja na uweke kifuko cha mchanga kwenye mguu wa nje wa nguzo.

Rangi tunashauri buluu na nyeupe kwa mistari. Mbwa huona buluu na njano vizuri, lakini nyekundu na kijani kwao vinafifia, na ufito mwekundu juu ya udongo wetu unapotea machoni mwake.

Kwa miti ya zigizaga, anzeni na 6 badala ya 12. Bomba jingine la mita 6 unalikata vipande vya mita moja. Kila kimoja kinavikwa juu ya nondo ya milimita 12 yenye sm 60, ambayo sm 30 zake zimezama ardhini. Umbali kati ya mti na mti ni sm 60, na mstari unyooke. Ardhi ya kiangazi haipitishi nondo kirahisi, basi mwagia maji mstari wote jioni ya jana yake. Hakikisha ncha ya nondo iko ndani kabisa ya bomba, isije ikatokeza juu.

Je, naweza kushika chakula mkononi wakati wa kukimbia? (Msomaji, Makole)

Hapana. Chakula na vifaa vya kuchezea haviingii uwanjani. Mtuze akishatoka nje ya kamba, papo hapo. Maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa kama punje za mahindi yanatosha.

Mbwa wangu wa kilo 4 anafika katikati ya ubao wa kubembea, anasimama, kisha anaruka pembeni. Daraja halimsumbui. (Msomaji, Nkuhungu)

Anza kwa kuuchunguza ubao kabla ya kumlaumu mbwa. Kipimo cha FCI ni urefu wa mita 3.6 hadi 3.8, upana sm 30, na mhimili wa katikati ukiwa sm 60 kutoka ardhini. Sehemu ya rangi kila mwisho ni sm 90. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, iweke katikati ya sehemu ya rangi ya upande wa kushukia, yaani sm 45 kutoka mwisho. Ubao unapaswa kugusa chini ndani ya sekunde 2 hadi 3. Ukichukua sekunde 5, au usishuke kabisa, mbwa wa kilo 4 anaachwa akining'inia hewani, na ana haki ya kuruka. Sogeza mhimili kidogo kidogo au punguza uzito upande wa kupandia, kisha pima tena.

Ubao ukiwa sawa, tatizo linabaki kwenye uzito wake. Mbwa mkubwa akipita mhimili hatua moja tu, ubao unaanguka. Mdogo hana uzito huo: lazima atembee mbele zaidi, karibu na mwisho, ndipo ushuke. Akifundishwa kusubiri katikati, atasubiri bure. Wa kwako anahitaji kujifunza kwamba mahali pa malipo ni mwisho wa ubao, na kwamba mtikisiko na kishindo ni dalili kuwa chakula kinakuja.

Shusha mhimili hadi sm 10 na tandika godoro kuukuu chini ya upande wa kushukia. Mlishe akiwa amesimama kwenye sm 30 za mwisho, huku mtu wa pili akiushika ubao usiende popote. Anapokula kwa utulivu, mwenzako aushushe taratibu kwa mkono, bila kuuachia ghafla. Mara tatu kwa siku zinatosha. Siku chache baadaye ondoa godoro ili asikie kishindo kidogo. Ndipo upandishe mhimili kwa sm 10, na kila unapopandisha rudisha godoro kwanza. Akianza kulamba midomo, kushusha mkia au kupunguza mwendo kabla ya mhimili, umekwenda haraka: rudi kimo cha nyuma. Tunapenda wiki tatu au nne kwa kazi hii, na hatuoni njia ya mkato.

Kitu kingine ambacho waandaaji wa kwetu lazima wakijali ni upepo. Ukivuma kutoka mbele ya mbwa unaingia chini ya ubao uliopanda na kuuchelewesha kushuka. Ukitoka ubavuni unamsukuma yeye. Ugeuzeni ubao upepo utoke nyuma ya mbwa, na ukizidi uondoeni kwenye mzunguko huo, kwa mbwa wote.

Mbwa wangu ana kasi kuliko wote mazoezini lakini muda wake ni mbovu. Anazunguka mbali kila baada ya kiunzi. (Msomaji, Miyuji)

Tuanze na hesabu. Njia ya mita 160 kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde inachukua sekunde 40. Akipanua kona kwa mita 2 tu, na njia ikiwa na kona 10, ameongeza mita 20, ambazo ni sekunde 5. Hakuna mazoezi ya kasi yatakayozirudisha. Mbwa wadogo wengi wanashindwa hapa, na kosa huwa la mtu: anatoa ishara akiwa amechelewa.

Mbwa huamua atatua wapi kabla miguu haijaondoka chini. Ukimwita akiwa hewani, atatua mbele moja kwa moja, kisha ndipo atafute njia ya kurudi. Ishara ya kugeuka itoke akiwa mita 2 kabla ya kiunzi: punguza mwendo wako, geuza vidole vya miguu na bega kuelekea kikwazo kinachofuata, halafu mwite jina. Yuko chini kule, kwa hiyo miguu na magoti yako ndivyo anavyoviona kwanza. Mkono ukae chini usawa wa paja, mkono ulio upande wake. Ukiunyanyua juu anatazama juu na kugonga ufito, na ukiinama ili umfikie unapoteza mwendo wako mwenyewe.

Faida yako ni hatua zake fupi. Nafasi ya mita 5 kati ya viunzi anaimaliza kwa hatua nyingi kuliko mbwa mkubwa, na wewe unapata muda wa kutangulia. Utumie kugeuka mbele yake: ukiwa mbele, mgeukie uso kwa uso, kisha ubadilishe upande. Fanya hivyo ukiwa na angalau mita 2 kati yenu, maana kumkanyaga mbwa wa kilo 5 ni kumvunja mguu. Ukichelewa kufika, vuka nyuma yake badala ya kulazimisha.

Zoezi zuri ni viunzi vitatu kwa umbo la pembetatu, mita 5 kila upande, fito sm 15. Mzungushe kwa kulia, pumzisha, kisha kushoto. Ukiona nyayo, yaani alama za miguu yake kwenye mchanga, zinakaribia nguzo siku hadi siku, ishara zako zimeanza kuwahi. Na wakati wa kukagua njia bila mbwa kabla ya mashindano, chuchumaa kwenye kila kona hadi macho yako yawe kimo chake. Mdomo wa handaki uliokuwa umefichwa na urefu wako utauona, na utajua kwa nini mbwa angelikimbilia.

Tupange saa ngapi, na uwanja tuuandaeje? (Msomaji, Chamwino)

Mbwa wa kwanza aingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi na wa mwisho atoke kabla ya saa nne. Wadogo watangulie, kwa sababu tumbo lao liko karibu na ardhi na joto la udongo huwapata mapema. Weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, simamisheni. Handaki lililoachwa juani linakuwa tanuri, basi likae limekunjwa kivulini hadi zamu yake.

Mbigili ndiyo adui wa kweli wa viwanja vyetu. Kiangazi mmea umekauka lakini miiba imebaki mchangani. Buruteni blanketi kuukuu uwanja mzima mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Miiba itanasa humo. Baada ya kila mzunguko kagua kati ya vidole vya mbwa, na kupe ndani ya masikio.

Mbwa anayehema bila kukoma, mwenye ulimi mwekundu sana na kupepesuka, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na miguuni, mpepee, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Msimfunike kwa taulo bichi, linazuia joto kutoka. Kila mbwa aje na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na muda.

Akiruka, mara nyingine ananyanyua mguu wa nyuma hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama kawaida. (Msomaji, Kondoa)

Msimamishe mazoezi ya kuruka. Kwa mbwa mdogo hiyo mara nyingi ni kifupa cha goti kinachoteguka na kurudi. Daktari wa mifugo atakipapasa na kukupa daraja la tatizo. Akisema ni jepesi, kutembea mlimani taratibu kunajenga misuli ya paja.

Tunahesabuje makosa? Na mbwa anayepita chini ya ufito? (Msomaji, Manyoni)

Ufito ukianguka ni pointi 5. Kukataa kikwazo ni 5, na kukataa mara tatu ni kutolewa. Kuruka kikwazo kisicho cha zamu yake ni kutolewa. Kila sekunde inayozidi muda uliowekwa ni pointi moja, pamoja na desimali zake. Kwa hiyo kwenye njia ya sekunde 40, mbwa asiye na kosa jingine aliyetumia 41.30 ana 1.30, na anamshinda aliyetumia 33 akaangusha ufito mmoja. Wakilingana pointi, muda unaamua.

Kupita chini ni kukataa. Lazima arudi akiruke kiunzi hicho, la sivyo akiendelea na kinachofuata anatolewa. Tabia hiyo huanza pale fito zinapopandishwa haraka mno kwa mbwa mfupi. Rudisha hadi sm 15, weka ufito wa pili sm 8 kutoka chini ili uwazi uzibe, na panda sm 5 kila anapopita siku tatu mfululizo bila kuinama.