Roboti yangu inapiga mabawa lakini hainyanyuki

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Dodoma. Nimetengeneza roboti ya kuruka yenye mabawa manne yanayopiga kama ya mdudu. Upana wake ni sentimita 33, uzito gramu 26, na hupiga mabawa mara 12 kwa sekunde, lakini hainyanyuki. Je, niweke mota kubwa zaidi?

Jibu: Nakusihi usibadili mota kwanza. Mota kubwa ina uzito wake, nayo hudai betri kubwa, na mwishowe unabaki palepale ukiwa na chombo kizito zaidi.

Linganisha kazi yako na DelFly Nimble, roboti yenye mabawa yanayopiga ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, iliyotangazwa mwaka 2018. Upana wake ni kama wa chombo chako, uzito gramu 28 hivi, na ili ielee hewani hupiga mabawa mara 17 kwa sekunde. Kani ya kunyanyua hufuata kipeo cha pili cha idadi ya mapigo, kwa hiyo bawa la aina ileile likipiga mara 12 hutoa nusu tu ya kani hiyo. Isitoshe, Delft iko karibu na usawa wa bahari, ilhali Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na mchana wa nyuzi joto 30 densiti ya hewa yetu ni takriban kilo 1.02 kwa mita ya ujazo, badala ya 1.2 ya huko. Ukijumlisha hayo mawili, mabawa yako yanaweza kubeba gramu 12 hivi, hata kama yameundwa vizuri. Ukipunguza uzito hadi gramu 20, mapigo 16 yatatosha.

Hata hivyo, ninaloliona kuwa kubwa zaidi ni bawa lenyewe. Mwaka 1996 mtafiti Charles Ellington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwa moshi jinsi kisulisuli kidogo cha hewa kinavyojikunja juu ya ukingo wa mbele wa bawa la nondo na kuongeza kani. Kisulisuli hicho huhitaji bawa lililoinama sana, nyuzi 45 hivi katikati ya pigo, kisha ligeuke upande wa pili kila pigo linapoanza upya. Kwa hiyo usigundishe utando kwenye ufito wa mbele. Uvishe kama upindo wa pazia ili uzunguke wenyewe, na uache ulegee kidogo karibu na shina la bawa, linapoungana na mwili. Piga picha za mwendo wa polepole kwa simu: ukiona utando umekaa wima muda wote, umekazwa mno, ukiona umelala bapa, umelegea mno.

Kisha funga chombo kwenye mizani ya sonara kabla ya kukirusha, ukikiinua juu ya kitako chake ili hewa inayosukumwa chini isigonge sahani, na uandike kani kwa kila badiliko moja. Kwa majaribio ya kuruka, weka mkia kwanza, ndani ya chumba kisicho na upepo. Usawazishaji bila mkia unahitaji vihisi na programu, nao ushughulikiwe baada ya kani kupatikana.